Julius Caesar: Mchezo, Filamu na Mtu Aliyeachwa Nje

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule, Temeke



  

Kamati ya Umoja wetu iliponitaka nizungumze mbele yenu, iliniachia nichague mada mwenyewe, ila iliweka sharti moja: nisizungumzie kazi yangu. Nililielewa sharti hilo. Mtumishi wa serikali akipewa kipaza sauti, aghalabu husoma taarifa ya utekelezaji, na wasikilizaji huanza kunusa pilau kabla hajafika ukurasa wa pili. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya filamu.

Filamu yenyewe ni ya zamani. Yaitwa Julius Caesar. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya MGM, ikatolewa mwaka 1953. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na huchukua muda wa saa mbili hivi. Wenzangu tuliosoma hapa miaka ya tisini wataikumbuka, kwa kuwa tulionyeshwa tukiwa kidato cha tatu. Nyinyi vijana mnaweza kuitazama kwenye simu mkiwa ndani ya daladala. Sisi tulibanana darasa zima mbele ya televisheni moja na deki ya video ya kuazima.

Ninalo jambo moja tu la kusema juu yake, nalo ni hili. Filamu hii ni nzuri, lakini imeacha nje onyesho moja fupi lililomo katika mchezo, na onyesho hilo ndilo linalotuhusu sisi watu wa Temeke na Kinondoni kuliko mengine yote. Nitaeleza kwanza mchezo ulivyotufikia, kisha filamu ilivyofanya kazi yake, kisha onyesho lililoachwa, na mwisho kwa nini nadhani hatuna budi kulirudisha.

Julius Caesar alikuwa mtu wa kweli. Aliuawa mjini Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, kwa kuchomwa visu na wajumbe wa Baraza la Seneti. Waandishi wa kale wataja majeraha 23. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Mgiriki aitwaye Plutarch aliandika habari za maisha yake. Kigiriki kile kilitiwa katika Kifaransa na Jacques Amyot, na kutoka Kifaransa kikatiwa katika Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Shakespeare alikisoma kitabu cha North, akatunga mchezo wa kuigiza, nao ukachezwa London mwaka 1599.

Mwaka 1963 mchezo huo ukaingia nyumbani kwetu. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili, ikachapishwa na Oxford University Press. Baadaye aliisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka ule ule alipotoa pia Mabepari wa Venisi. Watu wengi wamejiuliza Rais wa nchi changa alipata wapi nafasi ya kumtafsiri Mwingereza wa karne ya kumi na sita. Mimi hujiuliza jingine. Alipokuwa akiandika jinsi umati unavyogeuzwa na hotuba moja, je, alijua kuwa mambo hayo yangemfikia upesi? Maana tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo huko Kinondoni, waliasi. Na katika vurugu zile maduka yaliporwa mjini Dar es Salaam na watu wakapoteza maisha. Aliyetafsiri ghasia za Roma alizikuta mlangoni pake kabla wino haujakauka.

Twaona basi kwamba hadithi hii imepita mikono mingi, na kila mkono una hiari ya kuongeza au kupunguza. Jambo hili sisi wa huku uswahilini twalijua vizuri. Waliokulia Tandika, Mbagala, Manzese au Mwananyamala wanakumbuka mabanda ya video, ambamo filamu ya Kihindi au ya Kichina ilikuwa na mtu wake wa kuitafsiri kwa Kiswahili. Yule bwana hakutafsiri kila kitu. Mahali pengine alinyamaza, mahali pengine alimtilia mwigizaji maneno ambayo mama yake mzazi asingeyatambua, nasi tulicheka na kumlipa. Lakini aliyerudia filamu ile ile katika banda jingine, kwa mtafsiri mwingine, alitoka na hadithi nyingine. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza, bila kufundishwa, kwamba anayekuletea habari ndiye anayekuchagulia uone nini.

Nirudi kwenye filamu. Iliongozwa na Joseph L. Mankiewicz, na mtayarishaji wake alikuwa John Houseman. James Mason ni Brutus, John Gielgud ni Cassius, Louis Calhern ni Caesar, na Mark Antony ni Marlon Brando, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 30. Kwa wale ambao hawajaiona wala hawajasoma kitabu, nitasimulia kwa ufupi. Brutus, Cassius na wenzao wanamwua Caesar wakiogopa kwamba atajifanya mfalme. Baada ya mauaji, wananchi wa Roma wamekusanyika uwanjani wakidai maelezo. Brutus anapanda jukwaani, anaeleza sababu zake kwa maneno machache ya mtu mwaminifu, nao wanamshangilia. Kisha anamruhusu Antony, rafiki wa marehemu, aseme maneno ya mazishi. Antony anapomaliza, wananchi wale wale wanakimbilia mienge kwenda kuzichoma nyumba za kina Brutus.

Wadogo zangu, hotuba ile ya Antony mnaweza kuisoma kama mfano wa lugha nzuri, na ni haki yake. Lakini isomeni pia kama mtu asomavyo jalada la shauri, maana kuna mambo matatu ambayo umati haukuyaona.

La kwanza ni utaratibu. Brutus alisema kwanza, kisha akaondoka. Aliyesema mwisho alisema peke yake, na hapakubaki mtu wa kumjibu wala wa kumwuliza swali. Isitoshe, hata Brutus mwenyewe hawakuwa wamemwelewa. Ametoka kuwaeleza kwamba alimwua mtu aliyetaka kuwa mkubwa kupita kiasi, nao wanapiga kelele kwamba yeye Brutus sasa na afanywe Caesar! Walishangilia sauti, maana ya maneno ikawapita.

La pili ni ushahidi. Antony anashika vazi la Caesar lenye matundu ya visu, na anawaonyesha: hapa kilipita kisu cha huyu, hapa cha yule, hapa cha Brutus. Umati unalia. Lakini Antony hakuwapo! Katika mchezo, mmoja wa wauaji alikuwa amemvuta pembeni kabla ya kisu cha kwanza. Tundu gani lilitobolewa na nani, hawezi kujua hata kidogo. Hakuna hata mwananchi mmoja aliyemwuliza, "Ndugu, wewe ulikuwa wapi?"

La tatu ni fedha. Antony anautoa wosia wa Caesar, ambao unampa kila raia drakma 75 na kuwaachia watu bustani zake wazitumie kwa mapumziko. Hapo moto unawaka kabisa. Lakini mwanzoni mwa tendo la nne, Antony akiwa ameshika madaraka, anaagiza wosia ule uletwe ili watazame namna ya kupunguza yaliyoahidiwa. Wananchi waliochoma nyumba kwa ajili ya drakma 75 hawakuwepo kusikia agizo hilo.

Sasa tazama filamu ilichoongeza, nami naisifu kwa hilo. Katika ukumbi wa mchezo, aliyeketi nyuma hauoni vizuri uso wa mwigizaji. Kamera humsogeza. Katikati ya hotuba Antony anajifanya ameshindwa kusema kwa uchungu, anawapa wananchi mgongo. Wao wanaona mabega ya mtu anayelia. Sisi watazamaji, kwa kuwa kamera iko upande wa pili, tunauona uso wake, nao ni uso wa mtu anayesikiliza na kupima kama dawa imeanza kufanya kazi. Na ghasia zinapolipuka, anaondoka na tabasamu dogo mdomoni. Hakuna maandishi ya Shakespeare yanayoagiza tabasamu hilo. Kwa tendo hilo moja filamu imetufundisha kwamba anayewasha moto mara nyingi haungui.

Lakini filamu iliyotupa uso wa Antony ilitunyima maiti ya Cinna.

Siku ile ya kidato cha tatu umeme ulikatika mara mbili. Ulipokatika mara ya pili, wananchi walikuwa ndiyo kwanza wanakimbilia mienge, nasi tulipiga kelele kuliko wao. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakufadhaika. Alitoa Juliasi Kaizari mkobani, akasimama mlangoni penye mwanga, akaendelea kutusomea pale filamu ilipoishia. Akasoma onyesho dogo linalofunga tendo la tatu, ambalo halifiki mistari 50. Umeme uliporudi, filamu iliendelea moja kwa moja na Antony na wenzake wakipanga orodha ya watu wa kuuawa. Mwalimu akasimamisha deki akatuuliza, "Nani amepotea hapa?" Tulitazamana. Akasema tena, "Kuna mtu mmoja ameuawa katika kitabu ambaye katika filamu hakuzaliwa. Ni nani?"

Mtu huyo ni Cinna mshairi. Plutarch naye anamtaja. Mmoja wa wauaji wa Caesar aliitwa Cinna. Na mjini Roma alikuwapo Cinna mwingine, mtunga mashairi, rafiki wa Caesar, ambaye hakuhusika kwa lolote. Usiku alikuwa ameota kwamba anakula karamu na Caesar. Asubuhi moyo wake ni mzito, hapendi kutoka, lakini anatoka kwenda mazishini kumwaga rafiki yake. Njiani anakutana na wananchi waliotoka kumsikiliza Antony.

Wanamzunguka na kumpa maswali manne. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Umeoa au hujaoa? Wanataka majibu ya moja kwa moja, mafupi, ya busara na ya kweli, naye anajitahidi kuwajibu hivyo, tena kwa utani kidogo, kama mtu asiyejua kuwa yuko kaburini. Anaposema jina lake ni Cinna, wanapiga kelele kuwa ni mmoja wa wauaji. Anasema, mimi ni Cinna mshairi. Mmoja anasema basi na auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Anarudia kwamba yeye si yule Cinna mwingine. Wanajibu kwamba haidhuru, jina ni lile lile. Na hapo wanamrarua.

Yatazameni tena maswali yale manne. Wamemwuliza jina, safari, makazi na ndoa. Swali moja tu halikuulizwa: umefanya nini?

Kuna jambo la ajabu katika historia ya onyesho hili. Mwaka 1937 kijana wa miaka 22 aitwaye Orson Welles, pamoja na John Houseman huyu huyu, waliuonyesha mchezo huu mjini New York katika ukumbi wao wa Mercury. Waliwavika waigizaji mavazi ya siku zile, na wafuasi wa Caesar walifanana na watu wa Mussolini. Kilichowashtua watazamaji kuliko vyote kilikuwa kifo cha Cinna mshairi: watu wa kawaida, waliovaa kama mtazamaji mwenyewe, wanamsogelea taratibu kutoka gizani hadi wanammeza. Miaka 16 baadaye Houseman akatayarisha filamu, na Cinna mshairi hamo. Filamu ina nyota wakubwa, ina majeshi, ina farasi. Ilipata tuzo ya Oscar kwa mandhari yake. Mtu mdogo aliyekufa kwa ajili ya jina lake hakupata nafasi.

Mtu aweza kusema: si neno, hadithi inaeleweka bila yeye. Ni kweli kwamba hadithi ya wakubwa inaeleweka. Ukimwondoa Cinna, unabaki na Caesar, Brutus, Cassius na Antony, wenye vyeo wakipigania vyeo, na wananchi ni kelele za nyuma tu. Ukimrudisha Cinna, waona gharama ya kelele zile ilivyolipwa na mpita njia. Na mpita njia ndiye sisi.

Ndugu zangu, sote tunajua kilio cha "Mwizi! Mwizi!" kinavyosikika katika mitaa yetu, na tunajua tofali, petroli na tairi. Kila mwaka taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huwa na sehemu inayohusu watu waliouawa na raia waliojichukulia sheria mkononi. Angalieni na lugha tunayotumia. Gazeti likiandika, aliyekufa huitwa "kibaka" au "mtu anayedhaniwa kuwa mwizi", na waliomwua huitwa "wananchi wenye hasira kali". Marehemu amenyang'anywa jina lake akapewa jina la kosa. Wauaji nao wamesitiriwa majina yao wakapewa jina la heshima la wananchi. Ni Roma ile ile: jina likishakupata, mengine haidhuru.

Sisemi kwamba wezi hawapo. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua nyanya, kisha mtaji wake ukaporwa na kijana mwenye panga, ana haki ya kukasirika, na anayemwambia atulie yampasa kwanza amweleze ulinzi uko wapi. Lakini hasira hii haipunguzi wezi. Mapema Januari 2015 jioni moja hofu ya vijana walioitwa Panya Road ilienea katika sehemu nyingi za Kinondoni na kwingineko mjini. Maduka yalifungwa, watu walikimbia hovyo, wengine bila kujua wanakimbia nini. Ilielezwa kuwa vurugu zilianza baada ya mazishi ya kijana aliyeuawa na wananchi. Mazishi, umati, hofu, na maneno yanayokimbia kuliko miguu: anayesema Shakespeare ni mambo ya Wazungu, na aniambie ni kipi hapo asichokitambua.

Nitawasimulia nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Tandika, jirani na soko, saa watu wanapotoka kazini. Kilio kikapigwa. Kijana mmoja alikuwa akikimbia, na kufumba na kufumbua alikwisha zungukwa. Mmoja alikuwa na tofali mkononi, mwingine anaulizia tairi. Palikuwa na mzee fundi cherehani, mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa ule. Aliacha cherehani yake barazani, akajipenyeza, akasimama mbele ya kijana, utepe wa kupimia ungali unaning'inia shingoni. Hakutoa hotuba. Aliuliza, "Jamani, ameiba nini?"

Mmoja akasema simu. Mwingine akasema pochi. Wa tatu akasema amesikia ni mtoto.

Mzee akauliza la pili: "Aliyeibiwa ni nani? Ajitokeze nimwone."

Hakujitokeza mtu. Kila aliyeulizwa alisema amesikia kwa mwenzake. Ndipo mzee akamgeukia kijana: "Mwanangu, ulikuwa unakimbilia nini?" Kijana, midomo ikimtetemeka, akasema ameshuka kwenye daladala la Mbagala akasahau mfuko wake ndani, ndiyo maana analikimbilia. Mwenye tofali aliliweka chini taratibu, kama anayerudisha mali ya watu. Mmoja alisema, huku akiondoka, "Kama si huyu, basi wenzake." Mimi na jirani wawili tulimsaidia mzee kumsindikiza kijana mpaka kituo cha polisi, ambako alisaidiwa kupiga simu kuulizia mfuko wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyalinganisha maswali yale mawili ya fundi cherehani na maswali manne ya wananchi wa Roma. Roma ilimwuliza Cinna yeye ni nani. Mzee wa Tandika aliuliza kimefanyika nini na nani ameona. Tofauti ya maswali ndiyo tofauti ya maiti na mtu aliyerudi kwao akala chakula cha usiku.

Nimeahidi kutozungumzia kazi yangu, lakini mniruhusu neno moja la sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13(6)(b), yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kuwa anayo. Ibara ya 14 yataja haki ya kuishi. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila anatakiwa amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Na yule anayeshika tofali asidhani kuwa wingi wa mikono unamficha. Mbele ya sheria, wanaoua pamoja wanahesabiwa wauaji kila mmoja. Haya si maneno ya kuwatetea wezi. Ni ulinzi wa kila mtu ambaye ataitwa jina asilostahili, na hakuna aliyemo humu ukumbini anayejua zamu yake ni lini.

Leo jambo hili limezidi uzito, kwa kuwa kilio cha "Mwizi!" hakihitaji tena koo. Picha ya mtu inarushwa kwenye simu ikiwa na maneno mawili chini yake, na kabla ya adhuhuri imefika Mbagala, Tandale na Chanika. Aliyeirusha mara nyingi hakuwapo, kama Antony alivyokuwa hayupo. Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kuipeleka mbele, ulizeni kama fundi cherehani: kimefanyika nini, na nani ameona?

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi, maana kuzungumza bila kupendekeza ni kula bila kunawa.

Naomba kikundi cha maigizo cha shule yetu kiandae Juliasi Kaizari kwa mwaka ujao. Si lazima mchezo mzima. Vatosha viwili: uwanja wa mazishi, na hapo hapo, bila pazia kufungwa, kifo cha Cinna mshairi. Kichezwe kwa Kiswahili cha Mwalimu, na kwa mavazi yetu wenyewe, ya bodaboda, ya muuza chipsi, ya mwanafunzi, ya karani, kama walivyofanya kule New York mwaka 1937. Mwaka unaofuata kikundi kichukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, mchezo wetu wenyewe wa historia ya Maji Maji, ambamo neno la mtu mmoja linakua hadi linamshinda mwenyewe. Sisi wanafunzi wa zamani tuchangie vitabu na usafiri. Mimi nimeanza kwa nakala kumi za Juliasi Kaizari, ambazo nimemkabidhi Mkuu wa Shule asubuhi hii.

Na siku ya onyesho wasialikwe wazazi na wageni rasmi peke yao. Waalikwe wajumbe wa mitaa, madereva wa bodaboda wa kijiwe cha hapa nje, akina mama wa sokoni na askari wa kituo. Onyesho likiisha, taa ziwashwe, na kila mtu aulizwe: ungekuwapo pale Roma, ungeuliza swali gani? Wajibu wenyewe. Filamu iliyafanya yale yasionekane. Jukwaa la shule yetu laweza kuyaonyesha, kwa gharama isiyozidi ya pilau tunayoisubiri.